Yaya Aliyekataa Kuhesabu

"Wangapi?" Luhende aliuliza kwa mara ya nne, mdomo kaupeleka karibu na shimo kama mtu anayetaka kulibusu.

"Wapo," yaya alijibu kutoka ndani ya udongo.

"Najua wapo. Nauliza wangapi."

"Wapo, baba. Tunamshukuru Mungu. Na nyie huko hamjambo?"

Luhende akajinyoosha, akapangusa mchanga magotini, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyejibu. Kwa haki, sauti ilikuwa yangu. Mashine ilichukua kila kitu nilichokuwa nacho kooni, haikuniachia hata kikohozi cha ugoro.

"Bibi, hii mashine yako ina kiburi."

"Mashine ni ya serikali. Kiburi tu ndicho changu."

Luhende ni mjukuu wa dada yangu, na ndiye afisa wa ndege wa wilaya yetu. Ana kofia yenye nembo, ana kishikwambi cha kuandikia ripoti, na ana miaka thelathini na minne bila mke, kwa hiyo namwita mume wangu. Mbele ya watu anapenda nimwite Bwana Afisa. Mbele ya watu ndiyo hasa namwita mume wangu.

Siku hiyo hakucheka. Kwa siku mbili shimo la saba lilikuwa linatoa harufu. Nimelea, nimezika kuku, najua harufu ya kitu kidogo kilichokufa. Mashimo yako kumi na mawili kwenye ukuta wa korongo, na kazi yangu kila asubuhi ni kumimina kopo la wadudu kwenye bomba la kila shimo. Yale mengine kumi na moja yalinuka kama yanavyonuka siku zote, mavi ya ndege na udongo. La saba lilinuka tofauti, na ndani yake sauti za vifaranga zilipiga kelele kuliko shimo lolote.

"Wanalia kweli kweli," Luhende alisema, akitega sikio. "Kama watano, sita hivi. Sasa nani kafa?"

"Muulize yaya."

"Nimemuuliza, Bibi! Tangu saa mbili namuuliza!"

* * *

Niseme hawa yaya walitoka wapi, maana bila hivyo mtadhani tuna wazimu.

Kerem ni ndege mdogo wa kijani mwenye koo la njano. Anakula nyuki, na anataga ndani ya shimo la udongo lenye kina cha mkono wa mtu mzima. Miaka ile ya dawa za mashambani kerem wakubwa waliisha huku kwetu. Walipoisha, mradi ukaleta mayai kutoka mbali, ndani ya masanduku yenye joto. Mayai yalikuja, mama hawakuja. Ndipo wakatengeneza yaya: mkono mwembamba wa chuma uliovishwa kitambaa laini, mwishoni una mdomo mweusi wa kulishia, na chini yake kifua chenye joto. Akili yake iko kwenye kisanduku juu ya ukingo, karibu na sola. Hana macho. Ndani ya shimo ni giza tupu, macho ya nini? Ana masikio tu.

Kifaranga akitoka kwenye yai, yaya anasikiliza sauti yake ya kwanza na kuitunza. Huyo ni wake. Baada ya siku mbili anafunga daftari. Ukimletea kifaranga mwingine, hata awe kerem halisi wa shimo la jirani, anamsukuma mpaka nje, anaanguka korongoni. Wataalamu walisema ndivyo inavyotakiwa, ili asilee nyoka.

Yaya hamtii mtu ila sauti aliyofundishwa nayo. Wakatafuta bibi wa hapa Sikonge mwenye kujua kulea, wakanipata mimi. Wiki tatu walinikalisha kwenye chumba chenye godoro ukutani. Sema "kula". Sema "sogea, mpishe mwenzio". Nilisema. Siku ya mwisho mtaalamu wao, mtu mpole wa mjini mwenye miwani, akauliza, "Bibi, una watoto wangapi?"

Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu. "Wapo."

Huku kwetu watoto hawahesabiwi. Mbuzi unahesabu, debe la mahindi unahesabu. Mtoto ukimtia kwenye namba umemwonyesha kwa kidole, na kinachopita njiani kitajua yupo wa kuchukuliwa. Hata makarani wa sensa walishindwa nami. Waliondoka hapa wamejaza nafasi yangu kwa kukisia, na mmoja wao ndiye aliyelia.

Yule mwenye miwani hakulia. Aliandika kitu, akashukuru, akazima mitambo. Na hivyo yaya kumi na wawili walijifunza kwamba ukiulizwa idadi, jibu ni "wapo". Kila wiki ripoti zilikwenda mkoani: shimo la kwanza, wapo, la pili, wapo. Mkoani wakadhani "wapo" ni neno la kitaalamu maana yake wametimia. Msimu mzima hakuna aliyeuliza. Mtu akisoma sana, anaona aibu kuuliza maana ya neno la Kiswahili.

* * *

Luhende alikuwa amekuja na kamera nyembamba kama mrija wa soda. Akaisukuma shimoni taratibu, tukainama wote wawili juu ya kishikwambi.

Kwanza tuliona kitambaa cha yaya, kimechafuka. Kisha tukaona vifaranga watatu wamelala ubavu, wamekauka, migongo ina matundu madogo kama waliochomwa sindano. Yaya alikuwa akiwapapasa mmoja mmoja kwa ule mdomo wake, akiwawekea nyuki juu ya vichwa. "Kula, mama," alikuwa akisema kwa sauti yangu. "Kula, usinune."

Niliinuka nikatazama upande mwingine kidogo. Jua lilikuwa kali.

"Bibi, njoo uone huyu."

Katikati ya shimo alikuwepo mmoja mkubwa, wa waridi, hana unyoya hata mmoja, macho hayajafunguka, kichwa kinayumba. Akafungua mdomo. Ncha ya juu na ncha ya chini zilikuwa na kulabu, zimejipinda, kali kama za kushonea viatu. Akalia, na ile kelele ya vifaranga watano, sita, ikatoka yote kwenye koo lake peke yake.

"Mungu wangu," nikasema. "Mlembe."

Luhende alinitazama. Yeye mlembe amemwona kwenye vitabu tu. Mimi marehemu mume wangu alikuwa mrina asali, na mlembe alikuwa anamjia hadi mlangoni kumfokea, atoke wakatafute mzinga. Ndege wa kahawia asiye na uzuri wowote, ila anajua nyuki walipo na anakuongoza, wewe unarina asali yeye anabaki na nta. Ana miaka kumi na moja hajaonekana huku. Warina asali wetu siku hizi wanarudi na ndoo zinazolia kama ngoma.

Na mlembe hajengi. Jike anaingia kwenye shimo la kerem, anatoboa mayai ya wenyewe, anaacha lake moja, anakwenda zake. Mayai yaliyosalimika yakianguliwa, kifaranga wake anawamaliza gizani kwa zile kulabu. Akifika wiki mbili kulabu zinadondoka zenyewe, na hapo hata umtazame vipi utaona mtoto mzuri tu, anayelia njaa.

"Kwa hiyo mama yake yuko hapa," Luhende alisema polepole. "Yuko msituni. Ametaga kwetu."

"Ametuona tuna nyumba nzuri."

Tukacheka wote, kicheko kibaya. Kisha kamera ikageuka kidogo na tukamwona wa mwisho. Kerem mmoja alikuwa amejibana chini ya kifua cha yaya, kwenye mshono wa kitambaa, kimya. Damu ilikuwa begani. Yule mkubwa aligeuza kichwa chake kipofu, akauma hewa, akaikosa, akauma tena.

* * *

Luhende akapiga simu mkoani. Dakta Mbonea, mkuu wa mradi, ni mwanamke mwenye sauti ya kukata kitambaa. Simfahamu uso, namfahamu kwa simu tu, na hiyo inanitosha.

"Kanuni ya nne iko wazi," alisema. "Idadi ikipungua, yaya anamtafuta anayeumiza wenzake na kumtoa. Kwa nini hakufanya hivyo?"

"Hakujua kama imepungua, Dakta," Luhende alisema. "Hahesabu."

"Anatuma 'wapo' kila wiki!"

"Ndiyo. Maana yake... maana yake ni kwamba wapo."

Nilisikia kalamu inagongwa mezani huko mkoani.

"Mwambie bibi aamuru: hesabu. Neno moja. Mashine itafanya yaliyobaki."

"Dakta," nikasema, nikiisogelea simu, "akishahesabu, huyu mlembe atatupwa korongoni?"

"Bibi, huu ni mradi wa kerem."

"Na mlembe ni mradi wa nani?"

"Wa mtu mwingine. Haujapata mtu bado." Akakata.

Luhende alikaa chini kwenye mchanga na kofia yake ya nembo. "Basi sema, Bibi. Hesabu. Yule mdogo hafiki jioni."

"Mhamishe mmoja shimo la nane."

"Atasukumwa nje, unajua. Na shimo jipya lenye yaya mpya nimeomba tangu mwezi wa pili. Bado wanajadili rangi ya kisanduku."

"Mchukue yule mkubwa nyumbani kwako, umlee."

"Kanuni ya tisa. Akishatolewa shimoni na mkono wa mtu, si ndege wa porini tena. Haachiwi. Na sio kanuni tu, Bibi. Mlembe uliyemlea jikoni atamwongoza nani, wapi? Kwenye sukari?" Akavua kofia, akaivaa tena. "Yeyote atakayetoka humo ndani, msitu umemkosa. Ndiyo hali yenyewe."

"Kwa hiyo ni mmoja."

"Ni mmoja. Na kisheria tunajua ni yupi."

Nilikasirika. Nilimkasirikia Dakta, nikamkasirikia jike la mlembe, nikamkasirikia yule mwenye miwani aliyeandika "wapo" bila kuuliza. Nikamkasirikia pia bibi mmoja wa Sikonge anayejiona mjanja. Nikapiga goti mbele ya shimo, goti likalia kama mlango.

"Yaya," nikasema. "Hesabu."

"Hee!" yaya alishtuka, kwa sauti yangu mwenyewe. "Watoto wa watu hawahesabiwi, Bibi. Unataka kuwaita mabaya?"

Luhende alifunika uso kwa kofia. Mabega yalikuwa yanacheza.

"Hesabu, nimesema."

"Wapo. Kwani wewe ulizaa wangapi?"

Hapo Luhende aliacha kucheka. Kwa sababu kwenye ukoo wetu hilo ni swali ambalo haniulizi mtu. Dada yangu anasema tisa. Wanaokuja siku ya Idi ni wanne. Mimi sijawahi kuweka namba moja juu ya nyingine nikatoa, na sikuwa na nia ya kuanza mbele ya mkono wa chuma.

"Yaya," nikasema. "Hesabu. Hili ni agizo. Mara ya tatu."

Mara ya tatu hana namna, ndivyo alivyoundwa. Tukasikia kitambaa kinaburuzwa ndani. Yule mkubwa akalia njaa kwa lile koo lake la watu wengi, na yaya, ambaye hana macho, akahesabu alichosikia.

"Mmoja," alisema. Alihesabu kwa uchungu, kama anayeng'olewa meno. "Wawili. Watatu. Wanne. Watano. Wametimia, Bibi. Sasa umeridhika?"

Luhende na mimi tulitazamana.

"Amemdanganya," Luhende alinong'ona. "Kifaranga wa siku sita ameidanganya mashine ya mkoa."

Simu ikalia. Ile hesabu ya yaya ilikuwa imemfikia Dakta huko kwake, na alishaelewa. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali apige. "Bibi, basi mwamuru kwa mdomo wako. Mwambie: mtoe mkubwa. Atakuelewa. Ni maneno mawili."

Kwanza walitaka neno moja na mashine ingefanya yaliyobaki. Sasa yaliyobaki yote yalikuwa yangu.

* * *

Nilikaa pale kwa muda ambao Luhende alivuta pumzi za kutosha kujaza tairi.

Sikuwaza mambo makubwa. Nilitazama ukuta wa korongo. Shimo la kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa nimewamiminia kopo asubuhi ile na nilijua kwa uzito wa kelele kila shimo lina kerem wangapi. Wanne pale. Watano pale. Pale watano. Nikafika la kumi na mbili, nikajikuta nina namba kichwani: arobaini na nane. Kerem arobaini na nane, na mlembe mmoja.

Nilijishika mdomo. Nimehesabu. Miaka yote, makarani wote, na leo nimehesabu mwenyewe bila kulazimishwa, na jibu limekaa mbele yangu kama mgeni asiyetaka kuondoka.

"Mume wangu," nikasema, "nishike kiuno nisiangukie humo."

"Unafanya nini?"

"Shika."

Nikavua bangili, nikaingiza mkono shimoni hadi begani, shavu langu likabanwa na udongo. Kulikuwa na joto. Nikapapasa kitambaa cha yaya. "Nani huyo?" yaya akauliza. "Mimi," nikasema. "Wewe." Mkubwa aliniwahi kidole, kulabu zikaingia, nikamtukana tusi la Kinyamwezi ambalo sitaliandika. Nilikuwa naweza kumfunika kiganjani. Alikuwa laini, moyo wake unapiga kote mwilini. Nikamwacha.

Nikapita chini ya kifua, kwenye mshono, nikamchukua yule mdogo.

Alipotoka kwenye mwanga alijikunja. Hakuwa mzito kuliko hirizi. Luhende alitazama kiganja changu, akatazama shimo, akaelewa nimemtoa nani.

"Bibi. Huyu hakufanya kosa lolote."

"Najua."

"Ndiye mwenye nyumba!"

"Najua, Luhende. Usinieleze mimi kama vile nimelala." Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumpiga. "Hakuna mkubwa wala mdogo aliyeniuliza kama nataka kujua hesabu hiyo."

Ndani ya shimo, yaya hakushtuka. Mlembe alilia, na yaya akamlisha. "Kula, mama," alisema. "Wape na wenzio." Baada ya siku nane kulabu zitadondoka. Baada ya mwezi ataruka, na hatakumbuka chochote. Nitakayekumbuka ni mimi.

* * *

Tulikwenda jikoni kwangu. Nilimweka kerem kwenye kibia chenye pamba, karibu na jiko lakini si karibu sana, nikamsafisha bega kwa maji ya chumvi. Kwenye kopo walibaki nyuki dume, wale wasio na mwiba. Wa kwanza alimtema. Wa pili alimtema juu ya kofia ya Luhende, jambo ambalo lilinifanya nimpende kidogo. Wa tatu alimeza nusu, akafikiri, akamalizia.

Luhende alikaa kwenye kigoda na kishikwambi chake. Dakta alikuwa amepiga mara mbili na Luhende hakupokea.

"Kuhusu mlembe nitamwambia nini?"

"Mwambie yaya amehesabu, wametimia watano. Umesikia mwenyewe. Si uongo."

"Na huyu? Fomu inataka kila kifaranga wa shimo la saba aandikwe alivyotoka." Akanigeuzia kioo nione. Palikuwa na visanduku vitatu. "Ameruka. Amekufa. Ameliwa. Chagua."

"Andika amechukuliwa na bibi yake."

"Hakuna kisanduku hicho."

"Nusu ya wilaya hii imelelewa na bibi zao! Wewe mwenyewe ulikula ugali wangu miaka sita! Wanakosaje kisanduku?"

"Fomu imetoka mkoani, Bibi. Siwezi kuongeza kitu. Ukiacha wazi haipokei, inarudi, na Dakta anakuja mwenyewe na gari." Alisugua macho. Alikuwa amechoka, mume wangu yule, na kofia ina mate ya ndege. "Hajaruka. Hajaliwa."

Nikachukua nyuki mwingine kwenye kopo, nikamng'oa mabawa.

Luhende akatia alama kwenye "Amekufa", akabonyeza, kishikwambi kikalia kuonyesha kimepokea. Kerem akanyoosha shingo yake isiyo na manyoya, akafungua mdomo mwekundu, akanipigia kelele.

"Haya," nikamwambia, "meza, marehemu."

Akameza.